Barua ya mkono na biki nyekundu



Shirika letu lilituomba tuandike kurasa chache juu ya barua za mkono na faida yake kwa watoto wa leo. Tulikubali haraka, kisha tukaanza kujuta, juu ya barua ni kitu ambacho watu wanakisifu bila kukifungua. Katika kila mkutano wa utamaduni kuna mzee mmoja anayesimama na kusema: zamani tulikuwa tunaandikiana, barua ilikuwa na moyo, ilikuwa na harufu ya mtu, leo vijana wako na telefone, wanakata maneno nusu-nusu, heshima imekwisha. Watu wanapiga mikono, tunakunywa fanta, tunarudi nyumbani. Na lile sanduku la bati chini ya kitanda, mahali barua zenyewe zimelala, hakuna anayelivuta.

Sisi tulivuta letu. Ndani yake kuna barua za jamaa yetu tangu mwaka 1988 hadi 2009, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Tulizisoma zote kwa siku mbili, wakati wa mapumziko ya Pasaka. Tuseme kweli: zaidi ya nusu ya barua hizo zinaomba kitu. Franga, dawa ya malaria, kitambaa cha uniforme, kipimo cha kiatu cha mtoto. Moyo uko, lakini unakuja nyuma ya bei ya muhogo. Kama faida ya barua ni moyo na harufu tu, hata risiti ya duka ikikaa miaka ishirini ndani ya sanduku itapata harufu.

Basi tujiulize vizuri ni kitu gani ndani ya barua kinachostahili kutunzwa. Maoni yetu ni kwamba barua ya kwetu ni sauti ya mtu iliyolala ku karatasi. Karatasi peke yake haitoshi, lazima awepo mtu wa kuirudisha kuwa sauti. Na wa kwanza kuizima ile sauti hakuwa telefone. Mara nyingi alikuwa mtu wa kazi yetu, mwalimu. Tutaeleza, na hatutajificha.

Kwanza tukumbuke barua ilikuwa inafika namna gani. Kisha uporaji wa 1991 na ule wa 1993, kwa wengi wetu posta ilibaki nyumba na masanduku yake tu. Barua ikarudi ku mikono ya watu. Juu ya ambelopi waliandika «kwa mkono wa fulani», jina la msafiri, na chini yake jina la mwenye kupokea na la avenyu. Treni ya Kamina ilifika siku aliyopenda Mungu. Barua ilifika na jasho la mfuko, kona moja imekunjwa, na mara zingine imefunguliwa njiani na kufungwa tena kwa bukari badala ya gundi. Kama msafiri alikuwa mtu wa adabu hakutoka mara moja. Alikaa, alikunywa maji, alingoja isomwe, juu ya yeye pia alikuwa na kipande cha habari ambacho mwandishi hakupenda kukiweka ku karatasi.

Na mwanzo wa barua tunaujua wote: «Mbele ya yote nakusalimia sana. Mimi huku niko muzima, sijue ninyi kule.» Tumesikia wenzetu walimu wakicheka mwanzo huo. Wanasema ni maneno bure, yanakula mistari minne. Hatukubali. Mtu haingii nyumba ya watu bila hodi, na ile ndiyo hodi ya barua. Tena kuna akili ndani yake. Barua iliyotumia juma tatu njiani haiwezi kusema kama mwandishi ni mzima. Inasema alikuwa mzima siku ile alishika biki. Kwa hiyo anaongeza «sijue ninyi kule». Maneno matatu haya yanapima umbali wote wa reli. Mtu wa telefone hana lazima ya kuyasema, juu ya anauliza na kujibiwa pale pale.

Barua haikuwa ya mtu mmoja. Baba aliita mtoto mwenye kusoma vizuri zaidi, watu wakakaa, mtoto akasimama karibu na taa. Huko kwetu, tangu miaka tisa, yule mtoto alikuwa sisi. Mama alisema: «Rudilia pale.» Tulirudilia. Baba alisema: «Apana mbio, ule hapana mutu wa mbio,» na tulipunguza mwendo mpaka sauti ikafanana na ya mwenye kuandika. Mwandishi naye alijua kama mtoto ndiye atasoma na majirani watasikia. Njo maana mambo ya siri hayakuandikwa wazi. Iliandikwa «yale maneno tuliacha ku mlango, bado iko vile vile», na baba akatikisa kichwa, sisi tukaendelea bila kuelewa. Kuandika barua moja ili masikio kumi yaisikie, na kila sikio lichukue sehemu yake tu, ni kazi ngumu. Wengi waliofanya kazi hiyo walifika tu mwaka wa tano wa shule ya msingi.

Wakati wa vita ya 1998 hadi 2003 Katanga ilikatwa vipande viwili. Kamina na Lubumbashi zilikuwa upande wa serikali. Kalemie na Kongolo zilikuwa upande mwingine, na reli haikupita. Pale zikaja zile karatasi za Msalaba Mwekundu. Ilikuwa fomu ya wazi, bila ambelopi: jina la mwenye kutuma, jina la mwenye kupokea, mahali pa habari za jamaa tu, na nafasi ya jibu. Habari za vita na za siasa zilikatazwa. Ku mtaa wetu jirani mmoja alipokea ya ndugu yake. Ilisema karibu hivi: tuko wazima, mama yuko, mtoto wa tatu hayuko. Basi. Tulisoma ile «hayuko» mara nyingi, kila mtu kwa sauti yake. Je, hayuko nyumbani, amekwenda na watu wengine? Ao hayuko kabisa? Wazee walitazama herufi: imeandikwa pole, biki imekandamizwa mpaka upande wa pili. Mama wa nyumba akasema: «Amekufa. Angalia mukono.» Ilikuwa kweli. Tulijua mwaka 2003, kisha njia kufunguka. Neno lenyewe lilibeba maana mbili. Mkono ulichagua moja.

Tusidhani kama kuandikiana kulianza kwetu na wamisionari wa juzi. Mfalme wa Kongo, Mvemba a Nzinga, aliyebatizwa kwa jina la Afonso, alitawala Mbanza Kongo hadi miaka ya 1540 na aliandikia wafalme wa Ureno barua nyingi. Zile za mwaka 1526, kwa mfalme João III, ndizo zinatajwa zaidi. Analalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata wana wa wakubwa na ndugu zake mwenyewe, na kuwauza. Hataki tena watumwe wafanyabiashara. Anaomba mapadri, walimu wachache wa shule, divai na unga wa misa. Katika barua nyingine ya mwaka ule ule anaomba waganga. Sisi walimu tunapenda sana kifungu kile: kwa mali yote ya Ulaya, mfalme aliomba mwalimu.

Barua hizo ziliandikwa kwa Kireno na waandishi wake, lakini ndani unasikia mtu anayesema, anayerudilia jambo moja kwa njia tatu, anayezuia hasira kwa heshima. Na leo ziko wapi? Ziko Lisbon, katika nyumba ya hifadhi ya Torre do Tombo. Mji wake mwenyewe, mahali majibu yalikuwa yanafika, uliharibiwa mwaka 1678 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Ni vile vile upande wa mashariki. Mbele ya shule za Wazungu, watu wa Kasongo, wa Nyangwe na wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, waliandikiana kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, wote kwa herufi za Kiarabu. Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, alikuwa mtu wa biashara na mtu wa barua pia. Xavier Luffin, mwalimu wa chuo kikuu kule Brussels, alikusanya hati za namna hiyo, za miaka ya 1880 hadi 1899, na kuzitoa katika kitabu mwaka 2020. Alizikuta wapi? Katika hifadhi za Ubelgiji. Tunashukuru kwamba ziko. Lakini tuone jambo lenyewe: barua zetu zilizoishi ni zile zilizokwenda mbali. Zile zilizobaki nyumbani ziliungua, zililoa, zililiwa na mchwa, ao zilifungia karanga sokoni.

Sasa tufike Katanga, mahali tunajua kusema zaidi.

Mwaka 1965 kulitoka Elisabethville kitabu kidogo chenye jina «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Aliyekiandika ni André Yav, kwa niaba ya watu waliofanya kazi ya boyi katika nyumba za Wazungu. Si barua na si cha mkono. Kilipigwa ku mashini na kuzalishwa. Lakini kimeandikwa kama barua zetu: Kiswahili cha mjini, maneno yanashikamana mahali kamusi inayatenga na kutengana mahali kamusi inayaunganisha, nukta inaanguka mahali mtu alipumua. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alikitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Aliona kwamba kwa macho tu mistari mingi haifunguki. Ikabidi Kalundi Mango, mtu wa hapa, akisome kwa sauti. Mara kilipopita kinywani, maneno yalijitenga yenyewe. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa. Profesa mwenye vitabu vyote alihitaji kufanya kitu kile kile baba yetu alikuwa anafanya jioni karibu na taa: kuita mtu wa kusoma.

Mfano wa pili ni wa mkono kabisa. Jan Blommaert, profesa wa Ubelgiji aliyefariki mwaka 2021, alitoa mwaka 2008 kitabu juu ya maandishi ya watu wa Katanga wasio na shule nyingi. Mmoja wao anamwita Julien. Huyu alikuwa zamani boyi wa mama mmoja wa Kibelgiji, na miaka ya 1990 alimwandikia historia ya maisha yake kwa biki, kwa Kiswahili cha Katanga pamoja na Kifaransa. Aliiandika mara tatu. Mtu wa haraka atasema: alisahau, anarudilia. Sisi tunaona mambo mengine. Julien hakuwa na nakala. Kila mara karatasi zilikwenda Ulaya, yeye alibaki na kichwa chake tu, na alipoandika tena alianza ku karatasi nyeupe. Mwandishi wa vitabu anasahihisha kazi yake juu ya kazi ile ile. Julien alilazimika kuzaa upya. Na barua za kuomba msaada na historia ya maisha vinakaa nyumba moja. Hiyo ilitufariji juu ya sanduku letu: hata zile barua za kiatu na dawa, ukizipanga kwa miaka, zinasimulia maisha.

Katika kitabu kile kuna wazo moja tunalolikubali nusu. Blommaert anaeleza kwamba maandishi ya namna hii yanatosha kabisa mahali yalipozaliwa, lakini yakisafiri hadi Ulaya yanashuka bei: msomaji wa kule anaona herufi kubwa katikati ya neno, mstari unaopanda, maneno yaliyokatwa vibaya, na anafikiri kichwa cha mwandishi nacho kiko vile. Ni kweli. Ila hayahitaji kupanda ndege ili yashuke bei. Yanashuka hata yakisafiri hatua ishirini, kutoka meza ya baba hadi meza ya mwalimu. Sisi ni mashahidi.

Tulipata diplome yetu ya taasisi ya ualimu mwaka 2004, na mwaka wa pili tulikuwa tunafundisha katika shule moja ya sekondari ya Lubumbashi. Tulikuwa vijana, tulikuwa na biki tatu mfukoni, na iliyotoka zaidi ilikuwa nyekundu. Ikafika barua ya baba yetu mkubwa, mtu wa reli aliyestaafu Kamina. Kurasa mbili za kaye, wino wa buluu. Aliandika namna alivyosema. Siku hizo tulikuwa tunafundisha somo la kuandika barua, na wazo baya likatujia: badala ya kutafuta mfano wa makosa ku kitabu, tulichukua ile barua. Tulisahihisha. Tulihesabu makosa 27. Tuliandika sentensi tatu ku ubao bila kutaja jina, na tukauliza wanafunzi makosa iko wapi. Walicheka sana, sisi pia. Mvulana mmoja wa nyuma hakucheka, alisema: «Mwalimu, kwetu tunasema vile.» Tukamjibu: «Kwenu mnasema. Hapa tunaandika.» Tulijiona tumejibu vizuri.

Baba mkubwa alifariki mwaka 2012. Ku kilio, kisha siku za kwanza kupita, maneno ya mahari yalitoka, kama inavyokuwa. Mume wa dada yetu, mukwe wa marehemu, alikuwa amebakiza mbuzi mbili za mama. Upande wao ukasema apana, mbuzi zile zililipwa miaka mingi, shahidi wake ndiye huyu tuliyemzika. Wazee wetu walitutazama. Tulikumbuka ile barua, na tulikuwa nayo ndani ya mfuko, tuliileta ili ukumbusho usomwe. Ku ukurasa wa pili baba mkubwa aliandika: «Mukwe akulipa mbuzi mbili ya mama. Chunga hii barua.»

Wasomaji wa Katanga wameisha kuelewa. Hatutamki sana «h» kwetu. Tunasema «akuna», tunasema «apana». «Akulipa» ya baba mkubwa ni hakulipa. Sisi wenyewe jikoni tunasema vile kila siku. Lakini siku ile ya mwaka 2005, tumekaa ku meza ya mwalimu na kitabu cha sarufi wazi mbele yetu, tuliona «a», tuliona «ku», tukafikiri kiambishi cha wakati kimekosekana, na tukakitia juu kwa wino mwekundu, safi, mwandiko mzuri: alikulipa. Pembeni tuliandika: «wakati uliopita!»

Mjomba wa mukwe, mzee mwenye miwani, alichukua karatasi na kusoma mbele ya watu wote: «Mukwe alikulipa mbuzi mbili ya mama.» Akashusha miwani. «Sasa munadai nini?»

Kulikuwa kimya. Aliyesema ni mama mkubwa, mjane, ambaye hakusoma hata siku moja. Alisema: «Ule hapana bwana yangu. Bwana yangu hasemake vile. Soma yenye aliandika yeye.» Tulichukua barua, tukasimama kama zamani karibu na taa, na tukasoma tangu mwanzo, tangu «mbele ya yote», pole pole, ile «a» ya kwanza tukaivuta kidogo namna alivyokuwa akivuta. «Eeh,» mama mkubwa akasema, «njo yeye.» Na kila mtu aliyekuwa pale, hata wa upande wao, alisikia wazi kama mbuzi hazikulipwa.

Lakini mzee mwenye miwani hakuwa mjinga. Aliuliza nani aliandika nyekundu. Tulijibu ni sisi. Akasema: «Basi weye mwenye diplome ulisoma alilipa. Mimi mwenye darasa la sita nisome zaidi yako?» Hatukuwa na jibu, na hadi leo hatuna. Karatasi yenye wino wa rangi mbili si shahidi tena, ni mabishano. Kisha maneno mengi walitoa mbuzi mmoja, «ya heshima», na jambo likafungwa pale. Tukiwa na watu wa jamaa, wanatuuliza bado bei ya biki nyekundu. Ni mbuzi mmoja.

Hatuelezi habari hii ili tuseme wanafunzi waandike ovyo. Tunafundisha bado sarufi, na barua ya kuomba kazi tunaitaka iwe safi. Lakini kusahihisha ni kazi ya karatasi inayoandikwa kesho. Barua iliyokwisha kufika ina mwenyewe. Nani alitupa ruhusa ya kushika biki? Hata hivi shule haisaidii sana upande mwingine. Mtihani wa serikali, katika session ya kawaida, ni kuchagua jibu moja kati ya yale yaliyotolewa. Kuandika kwa urefu kunabaki ku dissertation ya hors-session. Mtoto anaweza kupata diplome bila kuandika hata siku moja barua kwa mtu wa kweli atakayeifungua.

Na telefone? Tulisema si yeye wa kwanza kuzima sauti, na tunaongeza kama kwa sehemu moja ameirudisha. Mama mkubwa, asiyeandika, anatutumia leo sauti ku WhatsApp kwa mkono wa mjukuu. Anaanza vile vile: mbele ya yote nakusalimia, mimi huku niko muzima. Hamhitaji tena mtoto wa jirani wa kumwandikia, na siri zake hazipiti tena kwa watu. Kwa wanawake wa umri wake hiyo ni faida kubwa, na wanaolia juu ya barua za zamani hawaitaji, labda juu ya wao walijua kuandika. Ila mwaka 2021 telefone yetu iliibwa sokoni, na sauti za miaka mitatu zilikwenda nayo. Sanduku la bati hakuna mwizi aliyelitaka.

Tangu habari ya mbuzi tumebadilisha somo letu. Mara moja kwa mwaka mwanafunzi analeta karatasi moja ya mkono kutoka nyumbani, kwa ruhusa ya wenyewe, barua ao kikaratasi chochote. Anaisoma kwa sauti mbele ya wenzake namna ilivyo. Kisha anasema nani aliandika, wapi, alikuwa amekaa ao amesimama, kama karatasi inaonyesha. Biki nyekundu inabaki ku mfuko. Zimekuja barua za wachimbaji wa Kolwezi, orodha za mahari, hesabu ya madeni ya chumvi. Mwaka jana mvulana mmoja alileta kikaratasi kidogo cha kaye ya mraba. Kilisema: «Bukari iko mu sufuria. Usifungue mulango.» Alisoma, akakaa. Tukamuuliza nani aliandika. Alisema ni mama yake, asubuhi ile alikwenda hospitali. Hakurudi. Mtoto alipokipata alikuwa na miaka saba, na alikuwa amejifunza kusoma juzi. Ni kitu cha kwanza ambacho mtu aliandika kwa yeye. Alituonyesha chini ya neno «usifungue» kuna mstari. Wenzake waliomba asome tena, na alisoma.

Kwa wale wenye sanduku kama letu, maneno machache ya kazi. Musipeleke barua ku kibanda kutiwa plastiki ya moto, kama watu wanavyofanya na diplome. Ile plastiki haitoki tena, na karatasi ya zamani inaharibika nayo. Pigeni fotokopi mbili, moja ikae nyumba nyingine. Andikeni kwa krayo, nyuma, tarehe na jina la msafiri kama munalijua. Na kama yule aliyezoea kumsikia mwandishi yuko bado, asomewe, mushike sauti yake akieleza, juu ya kuna maneno yeye peke yake atayafungua.

Barua ya baba mkubwa tulijaribu kuiponya. Tulichukua maji ya javel ku ncha ya kijiti tukagusa wino mwekundu. Ulitoka kidogo, lakini mkia wa «a» ya buluu ukatoka nao. Tukaacha hapo. Iko ndani ya kaye, kati ya kurasa mbili nyeupe. Fotokopi iko Kamina kwa mama mkubwa, na mjukuu anamsomea akiiomba. Akifika ku ukurasa wa pili anamsimamisha na kulisema lile neno yeye mwenyewe.